Deni la Kiangazi

Dar es Salaam ina kalenda isiyochapishwa, na wanaoisoma vizuri kuliko wote ni vijana wanaouza bidhaa kwenye mataa ya barabarani. Jua likiwa kali, mikononi mwao kuna maji baridi, miwani na vizuia jua vya kutandika kwenye kioo cha gari. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa bahari, kabla tone la kwanza halijaanguka, bidhaa zimeshabadilika. Miamvuli imetoka, na waipa nazo zimetoka, zimefungwa jozi jozi kwenye nailoni. "Mama, waipa zako zimechoka hizo, nikubadilishie sasa hivi?" Taa ikiwa bado nyekundu, kijana ameshainua mkono wa waipa, amechomoa ya zamani, amechomeka mpya, amepokea hela yake na kurukia pembeni. Dereva anaondoka akihisi kwamba Mungu kamletea msaada dirishani.

Biashara hii inaishi kwa usahaulifu wetu. Kijana yule ameiona mvua kabla yetu, ameweka mtaji, amesubiri na mzigo wake. Sisi tumeiona ilipogonga kioo. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. La kujiuliza ni kwa nini mwenye gari, anayejua vizuri tarehe ya kubadilisha oili na siku bima inapokwisha, hungoja mpaka asione mbele ndipo akumbuke kitu kinachomwezesha kuona mbele. Nadhani ni kwa sababu waipa hufa wakati ambao hatuna haja nayo, na kitu kinachokufa wakati hatuna haja nacho hatukiwekei matanga.

Wengi huamini kwamba waipa huchakaa kwa kazi, yaani kwa kufuta. Katika nchi za jua kama zetu, kinachoimaliza zaidi ni kukaa bure. Raba yake hutengenezwa kwa mpira wa asili, au mpira huo ukichanganywa na wa viwandani, ukapikwa pamoja na salfa ili upate nguvu na unyumbufu, kisha ukingo wake ukapakwa grafaiti ili uteleze vizuri kwenye kioo. Adui wa mpira huo ni joto, mionzi ya jua na hewa ya ozoni. Vuli ikishapita, zinakuja Januari na Februari, miezi ya kaskazi, ambapo gari lililoegeshwa juani kutwa nzima huwa na kioo kisichogusika kwa mkono mtupu. Raba imelala juu ya kioo hicho saa zote, imekandamizwa na springi ya mkono wa waipa, imeinamia upande uleule mmoja. Inapikwa mara ya pili, na safari hii hakuna fundi wa kiwandani anayeangalia saa. Masika yanapofika inaitwa kazini ikiwa maiti.

Ili kuelewa kifo hicho yafaa kujua kazi yenyewe inavyofanyika. Ukingo wa raba haupiti juu ya kioo ukiwa umesimama wima. Hulala kidogo na kuburutwa nyuma ya mwendo wa mkono. Mkono ukifika mwisho na kugeuka, ukingo nao hupinduka na kulalia upande wa pili. Sehemu inayogusa kioo ni ndogo sana, sehemu tu ya milimita, na ndiyo inayofanya yote. Kila mzunguko raba hupinduka mara mbili. Waipa ikiwa kwenye kasi kubwa, tuseme mizunguko 60 kwa dakika, mvua ya saa moja inaidai mizunguko 3,600. Raba laini hupinduka bila dereva kusikia chochote. Raba iliyokauka ikiwa imeinama upande mmoja hukataa kupinduka, ikasukumwa badala ya kuburutwa, ikawa inarukaruka na kunguruma juu ya kioo.

Fundi mzoefu husikiliza na kutazama tu, akakwambia ugonjwa. Michirizi myembamba ya maji inayobaki baada ya waipa kupita ina maana kwamba ukingo umechanika au umeshika mchanga. Kipande kizima kisichofutwa, hasa katikati au mwishoni, kinaonyesha kwamba fremu imepinda au viungo vyake vimeota kutu na havisukumi raba sawasawa. Mijini kwenye hewa ya chumvi, kama Tanga, Mombasa na Unguja, kutu hiyo huja mapema. Ukungu unaotanda kioo kizima kwa nukta chache kisha ukapotea, mara nyingi kosa lake liko kwenye kioo chenyewe: moshi wa dizeli, mafuta yanayorushwa na magari ya mbele na nta ya kuoshea gari hujenga utando ambao maji hayauondoi. Mngurumo na kurukaruka ni raba iliyokakamaa, au mkono uliopinda hata raba inakaa mshazari. Waipa mpya haiponyi mkono uliopinda wala haisafishi kioo, na hapo ndipo wengi hutupa fedha zao: wananunua jozi ya pili na ya tatu, na tatizo bado lipo palepale.

Ajabu ya kifaa hiki ni kwamba juani waipa zote ziko sawa. Nzima na mbovu zimelala pamoja chini ya kioo, nyeusi, kimya. Trafiki akikusimamisha Chalinze saa sita mchana, ataona kama taa zinawaka, atadai kuona pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, na waipa ataiona ipo mahali pake. Hana namna ya kujua kwamba haifanyi kazi, na mwenye gari naye hana, kwa sababu hakuna kati yao aliyebeba mvua. Taa ikiungua, jirani atakwambia. Tairi likiisha, mtu akipita ataligonga kwa mguu na kutikisa kichwa. Waipa haina shahidi mpaka siku ya hukumu yake.

Tena si sisi tu, maana kifaa hiki kimekuwa cha kukumbukwa baadaye tangu kuzaliwa kwake. Karl Benz alisajili gari lake la petroli mwaka 1886 huko Ujerumani. Magari yaliendelea kutembea miaka 17 kabla mwanamke mmoja wa Alabama, Marekani, Mary Anderson, hajapata hataza ya waipa yake, Novemba 1903. Alikuwa amesafiri kwenda New York wakati wa baridi, akapanda tramu, akamwona dereva akifungua kioo na kupigwa na theluji usoni ili aweze kuona njia. Abiria wengine waliona vilevile. Yeye alirudi kwao na kuchora. Waipa yake ilikuwa mkono wenye ukingo wa mpira nje ya kioo, ukivutwa kwa wenzo ulio ndani, na uzito wa kuufanya ubane kioo. Hata yeye alieleza kwamba hali ya hewa ikiwa nzuri kifaa kingeweza kuondolewa chote ili kisiharibu sura ya gari.

Mwaka 1905 aliipeleka hataza hiyo kwa kampuni moja ya Kanada, nayo ikamjibu kwamba haioni thamani ya kibiashara ya kutosha. Hataza ikafika mwisho wake mwaka 1920 bila kumpa chochote. Miaka miwili baadaye, 1922, Cadillac wakawa wa kwanza kuweka waipa kwenye magari yao yote kama kifaa cha kawaida. Mary Anderson aliishi mpaka 1953, akiwa amezungukwa na mamilioni ya magari yaliyobeba wazo lake.

Kisa kingine kinatoka Buffalo, jimbo la New York. John Oishei alikuwa akiendesha gari usiku wa mvua, maji yakamziba macho, akamgonga mtu aliyekuwa kwenye baiskeli. Mtu huyo hakuumia sana, lakini Oishei hakuweza kulisahau tukio hilo. Alitafuta mpaka akapata kifaa cha kufutia kioo kwa mkono kilichobuniwa na mtu mwingine wa mjini kwake, akaanza kukiuza kwa jina la Rain Rubber, na mwaka 1917 akaanzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la Trico. Baada ya waipa ya mkono zikaja za kuendeshwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, zenye kasoro moja ya hatari: dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima au kulipita gari jingine, mvuto ulipungua na waipa zikazubaa, saa ileile alipohitaji kuona zaidi. Mota ya umeme ndiyo iliyokuja kuwaokoa madereva.

Wa tatu ni Robert Kearns, mhandisi wa Detroit. Usiku wa harusi yake, mwaka 1953, kizibo cha chupa ya shampeni kilimpiga jicho la kushoto na kulipofusha karibu lote. Miaka kadhaa baadaye, akiendesha gari kwenye rasharasha, aliona waipa zikikwaruza kioo kisicho na maji ya kutosha na kulisumbua jicho lake lililobaki. Akafikiri kuhusu kope, ambazo hufumba zikapumzika, kisha zikafumba tena. Akabuni mtambo wa waipa zinazofuta, zikatulia, zikafuta tena, akaomba hataza mwaka 1964. Aliwaonyesha Ford, baadaye akaona magari yakitoka na waipa za aina hiyo bila yeye kulipwa. Alifungua kesi mwaka 1978, na mwaka 1990 Ford walikubali kumlipa dola milioni 10.2. Chrysler nao walishindwa mahakamani mwaka 1992. Ushindi ulipofika, ndoa yake ilikuwa imevunjika na umri umekwenda.

Visa hivyo vitatu vina jambo moja ndani yake. Kila hatua ya waipa ilianzia kwa mtu aliyetambua tabu ya kutoona, yake au ya mwenzake. Hata hivyo kisa cha Oishei ndicho kinachonikaa zaidi, kwa sababu ndicho pekee chenye mtu wa nje ya gari. Dereva alikuwa na paa juu yake na kioo mbele yake. Aliyelipa gharama ya kioo kuziba alikuwa mwenye baiskeli, aliyelowa, ambaye hakuwa na uwezo wa kufuta kioo cha mtu mwingine.

Tulitazame jambo hilo kwenye barabara zetu. Katika maeneo ya makazi sheria inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Waipa ikiacha ukungu wa sekunde moja tu kila inapopita, gari limeshakula mita 14 dereva akiwa anakisia. Ndani ya mita 14 kuna kivuko cha pundamilia, kuna mama aliyeshika mwavuli kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, kuna wanafunzi wanaokimbilia daladala, kuna bodaboda aliyejisitiri kwa koti la mvua lililomziba masikio. Mvua ndiyo inayowaleta watu hao barabarani: mitaro ikifurika, njia ya waenda kwa miguu inakuwa mto, na mtu anapanda kwenye lami kwa kukosa pengine. Siku ambayo dereva anaona kidogo kuliko siku zote ndiyo siku ambayo watu wengi zaidi wako mbele yake. Na hapo sijataja Kitonga usiku, wala kona za Mombo kwenda Lushoto ukungu unapoteremka.

Dereva wa daladala ambaye waipa ya upande wa abiria ilishang'oka na ukabaki mkono mtupu, atakwambia kwamba ya upande wake inamtosha. Inamtosha kwa kilicho mbele. Kushoto, ambako ndiko abiria wanakosimama na ndiko anakosogea kila kituo, anaingia kwa kubahatisha. Na kwenye magari madogo ya kutoka Japani yenye waipa ya nyuma, ile ya nyuma ndiyo yatima kabisa. Gari huuzwa mara tatu likiwa na raba ileile.

Kuhusu kuchagua, watu wanaojua hawaanzi na jina la kampuni. Wanaanza na urefu. Magari mengi madogo yana waipa mbili za mbele zisizolingana, ya dereva ndefu na ya abiria fupi, zikapangwa hivyo ili zipishane bila kugongana na zifute eneo kubwa kadiri inavyowezekana. Ukiweka ndefu kupita kiasi, itagonga fremu ya kioo au itaigonga mwenzake. Ukiweka fupi, utajiachia ukanda usiofutwa, na mara nyingi ukanda huo uko usawa wa macho. Pima zote mbili kwa utepe, na usichukulie kwamba aliyeziweka kabla yako alipatia. Kitabu cha gari kinaeleza, ila kwa wengi wetu kitabu hicho kiko kwa Kijapani. Namba hata hivyo zinasomeka: Wajapani huandika urefu kwa milimita, na 350 ni kama inchi 14, 500 ni kama inchi 20, 600 ni kama inchi 24.

Kisha tazama mkono unashikaje. Magari mengi ya Japani yana mkono wenye ncha iliyopinda kama ndoana, na waipa nyingi madukani zimetengenezwa kwa ajili ya ndoana hiyo. Magari ya Ulaya yana namna nyingine kadhaa, za pini na za kubonyeza pembeni, na hapo ni bora kwenda na ile ya zamani mkononi kuliko kueleza kwa maneno. Maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo yamezoea kupokea wateja waliobeba vyuma vichafu, hakuna atakayekushangaa.

Umbo ni la tatu. Waipa ya fremu ina matawi ya chuma yenye kucha zinazoshika raba sehemu kadhaa. Ni rahisi kununua na inakubali kubadilishwa raba, ila viungo vyake hushika kutu na vumbi. Waipa bapa, ambayo Bosch waliileta sokoni mwaka 1999, haina matawi. Ndani yake kuna utepe wa chuma uliopindwa tangu kiwandani, unaosukuma raba sawasawa urefu wote, na upepo wa mwendo mkubwa hauinyanyui kwa urahisi. Iko pia ya mchanganyiko, fremu iliyofunikwa gamba la plastiki. Gari likitoka sehemu za baridi kali za Japani laweza kufika na waipa za theluji, fremu yake ikiwa imevikwa mpira ili barafu isigande kwenye viungo. Ni nzuri huko kwao. Hapa ni nguo nzito ya kuvalia joto, na raba yake imeshapita kwenye meli na kwenye uwanja wa bandari juani kabla hujalipokea gari.

La nne ni raba yenyewe, ambalo kwa uzito ni la kwanza. Mpira wa asili hufuta vizuri na bei yake ni nafuu, ila jua huuwahi. Silikoni huvumilia jua muda mrefu zaidi na huacha utando mwembamba unaofanya maji yajikunje na kuteleza, ila bei yake iko juu, na kwenye kioo kichafu hupiga kelele. Asiye na uwezo wa silikoni asijione amekosa: mpira wa asili unaobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko silikoni iliyosahauliwa miaka mitatu. Tena ipo nafuu kwa mwenye fremu nzima: waweza kununua raba tupu, ukachomoa ya zamani, ukahamisha zile tepe mbili nyembamba za chuma na kuziingiza kwenye raba mpya zikitazama upande uleule. Wajapani hufanya hivyo bila aibu, na fundi wetu akiombwa anaweza.

Kuhusu feki, boksi halisaidii, kwa kuwa boksi ndilo lililo rahisi kuliko yote kuigiza. Itoe waipa, ielekeze kwenye mwanga, tembeza jicho kando ya ukingo. Uwe umenyooka bila meno wala mikato. Ipinde raba kwa kidole: ipinduke upande huu na huu kwa urahisi, isionyeshe nyufa nyeupe. Chezesha viungo vya fremu. Vikigoma dukani, kwenye mvua havitabadili tabia. Muuzaji asiyetaka uifungue amekwisha kukujibu. Waipa ya kijana wa kwenye mataa inastahili ukaguzi huohuo, na hapo ndipo taa nyekundu inapomnyima mnunuzi haki yake: hana dakika ya kutazama.

Kubadilisha hakuhitaji gereji. Inua mkono wa waipa mpaka usimame wenyewe. Kabla hujafanya lolote jingine, tandika kitambaa kizito au taulo lililokunjwa kwenye kioo. Springi ya mkono ina nguvu, na mkono mtupu ukiponyoka hushuka chuma kwa kioo; kioo cha mbele kina bei ya jozi nyingi mno za waipa. Tafuta kile kidude cha kubonyeza kwenye kiungo, kibonyeze, sukuma waipa kuelekea chini ya mkono mpaka itoke kwenye ndoana. Mpya iingize kwa njia hiyohiyo mpaka usikie inagonga na kukaa. Ivute kidogo kuhakikisha. Ng'oa ganda la plastiki linalolinda ukingo, maana wapo wanaoendesha nalo wakalaumu dukani. Shusha mkono taratibu. Kisha osha kioo kwa sabuni laini na maji mengi, kisuuze mpaka kiteleze kwa kidole, na ujaribu waipa kioo kikiwa kimelowa.

Zipo mbinu za mtaani za kuirefushia raba maisha, na si zote ni rafiki. Kupitisha msasa kwenye ukingo huondoa grafaiti na kuacha makovu. Utaona nafuu ya siku chache. Kuifuta kwa petroli au mafuta ya taa huivimbisha na kuiozesha. Kitambaa chenye maji kinatosha, mara moja kwa wiki, kuondoa mchanga unaogeuza raba kuwa msasa wa kioo. Na kamwe usiwashe waipa kwenye vumbi kavu, hasa ukitoka safari za Dodoma au Singida. Mwaga maji kwanza. Mikwaruzo inayoachwa na mchanga haionekani mchana. Huonekana usiku, inapoutawanya mwanga wa taa za lori linalokuja kwenye kioo kizima. Kuegesha kivulini husaidia, mradi kivuli hicho kisiwe cha mwembe unaodondosha utomvu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima hiyo ni dalili ya mapema, kwa kuwa jembe lake limekwisha kunolewa na shamba limeshasafishwa. Kwa mwenye gari, anayeziangalia waipa zake mawingu yakiwa tayari juu ya paa, ni dalili iliyochelewa. Sisi tumejaliwa mvua zenye miadi. Masika huja Machi, vuli huja Oktoba, na maeneo ya msimu mmoja, kama Dodoma na mikoa ya kusini, huanza kungojea Novemba. Miaka mingine mvua hutangulia au hukawia, lakini haiji bila jina. Nchi yenye mvua za miadi haina kisingizio cha kununua waipa kwenye mataa.

Kwa hiyo hesabu yangu ni nyepesi. Mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, mchana kweupe, mwaga lita moja ya maji kwenye kioo cha gari lako, washa waipa, utazame kutoka kwenye kiti cha dereva. Zikiacha michirizi baada ya kioo kuoshwa vizuri, badilisha, za mbele zote mbili pamoja na ya nyuma kama ipo. Gharama ya jozi moja ni chini ya tangi la mafuta. Yule mwenye mwavuli pale kwenye kivuko hana mkono wa kukufutia kioo. Wewe unao, na mwezi wa kuutumia ni huu ambao hakuna mvua.